Wasomaji Wauliza: Je, Meli za Vita Zilipita Lubumbashi?

SWALI: Bwana Mhariri, marehemu babu yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alitusimulia kwamba katika vita vya kwanza vya Wazungu meli mbili zilipita hapa Lubumbashi juu ya gari-moshi. Mji wetu hauna bahari wala ziwa kubwa. Je, habari hii ni ya kweli? (Msomaji, Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Ndugu msomaji, babu yako aliwaambia kweli. Mwishoni mwa Julai 1915, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, zilifika hapa boti mbili za vita za Waingereza, zilizopakiwa kwenye reli huko Cape Town. Zilikuwa za mbao, zenye urefu wa mita 12 hivi na injini za petroli. Majina yake yalikuwa Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa ni maneno ya kitoto ya kuitia paka na mbwa. Jina la kwanza lisimchanganye msemaji wa Kiswahili.

Zilikuwa zikipelekwa Ziwa Tanganyika, ambalo meli za Wajerumani zilikuwa zimelitawala. Wakati huo reli ya kwenda Bukama ilikuwa haijakamilika, kwa hiyo boti zilishushwa Fungurume, zikavutwa nchi kavu zaidi ya kilomita 200 kupitia milima ya Mitumba hadi Sankisia, kwa mashine mbili za mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya watu. Vitabu vingi humsifu kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, lakini mimi naona waliostahili kutajwa kwanza ni wenyeji waliofyeka msitu, wakajenga madaraja ya magogo kwa makumi na kuzivuta kamba pale mashine ziliposhindwa kupanda. Mashine zile zilihitaji maji mengi, na mahali yalipokosekana, wanawake wa vijijini waliyaleta kutoka mbali kwa mitungi vichwani. Majina yao hayakuandikwa popote.

Kutoka Sankisia zilipelekwa kwa reli hadi Bukama, zikafuata Mto Lualaba hadi Kabalo, kisha reli tena hadi ziwani, penye Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa.

SWALI: Na ile meli kubwa ya Wajerumani iliishia wapi? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Graf von Götzen haikupigana na boti hizo. Mnamo Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, wakiwa wamekwisha kuzipaka injini zake grisi ili zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikibeba abiria na mizigo kutoka Kigoma.