Je, "slate" ni sleti kila mahali?

SWALI: Mhariri, kazi yangu ni kutafsiri. Juma hili nimekutana na neno la Kiingereza "slate" mara tatu: katika maelezo ya paa, katika habari ya uchaguzi, na katika hadithi ambamo mteja anaomba deni lake liandikwe kwenye "slate". Kamusi yangu inasema ni sleti, yaani kibao cha kuandikia. Je, niandike sleti kote?

JIBU: La, ndugu msomaji, ingawa kamusi yako haikukosea. Neno hilo asili yake ni Kifaransa cha kale, lenye maana ya kibanzi, nalo lilipewa jiwe la rangi ya kijivu lililotokana na tope la kale kushindiliwa ardhini kwa shinikizo na joto. Fundi akiweka patasi ukingoni mwa jiwe hilo na kuigonga taratibu, bamba zima jembamba hubanduka, nalo likiwa halina ufa hulia kama kengele. Kwa kuwa mabamba hayo hayapitishi maji, huezekewa nyumba, na Wales ndiyo iliyosifika mno kwa machimbo yake. Kwa hiyo katika habari ya paa andika vigae vya mawe.

Bamba hilohilo, likitiwa fremu ya mbao, ndilo sleti ya mwanafunzi, iliyoandikwa kwa kalamu ya jiwe na kufutwa kwa kitambaa, au kwa mate na mkono wa shati pale mwalimu alipogeuka. Maana nyingine nyingi zimetokana na kuandika huko na kufuta. Wenye maduka waliorodhesha madeni juu yake, na ndiyo maana mteja wako anakopa tu: "niandikie" yatosha, kwa kuwa Mswahili akiambiwa hivyo dukani haulizi ni wapi. Anayeanza na "slate" safi amefungua ukurasa mpya. Ya uchaguzi ni orodha au safu ya wagombea wanaosimama pamoja, na hapo neno sleti lingemchekesha msomaji.

Jihadhari na kitenzi chake katika Kiingereza cha Uingereza, kwani tamthilia iliyofanyiwa hivyo na wahakiki imepondwa vibaya, ilhali Mmarekani akitumia kitenzi hichohicho kuhusu mkutano, amekusudia kwamba umepangwa kufanyika.