Sahihi ya mzazi si ridhaa ya mtoto
Kuhusu watoto kwenye reality show, yaani vipindi vya TV vinavyorekodi watu wakiishi badala ya kuigiza, unauliza, "wazazi wameshasaini mkataba, unyonyaji uko wapi?" Uko hapo hapo kwenye sahihi: anayesaini mara nyingi ndiye anayepokea hela. Mwaka 2007 kituo cha TV cha CBS cha Marekani kilirusha kipindi cha aina hiyo, Kid Nation: watoto 40, wa miaka 8 hadi 15, waliokaa siku 40 huko New Mexico bila wazazi, wakijipikia wenyewe. Mmoja aliungua usoni kwa mafuta ya moto. Malipo dola 5,000 kila mtoto, na waandaaji wakashikilia kwamba ile si kazi, ni kama kambi ya likizo. Kambi gani hiyo ya kufuatwa na kamera kutwa nzima!

California ina sheria tangu 1939 ya kumwekea mtoto mwigizaji akiba, siku hizi asilimia 15 ya kipato. Ukishasema "haigizi, anaishi tu", mtoto ni rahisi kuteleza nje ya ulinzi huo.

Tena hela ni nusu ya kesi. Mtoto wa miaka mitatu analia kwa kujikojolea, kamera inamsogelea. Akifika sekondari, wenzake wanapitishiana klipu hiyo kwenye simu.