Barua kwa Mwanangu Kuhusu Nyumba ya Mabini

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imefika na nimeisoma nikairudia. Unaniuliza kama nyumba ya Mabini, kule Ufilipino kwao Mama, iuzwe, kwa kuwa hakuna anayelala humo isipokuwa Tita, ndugu yake Mama, na kwa kuwa benki ya huko Milano inataka malipo ya awali makubwa kabla ya kukukopesha pesa za kununulia nyumba yako. Unasema kwamba Mama, kila ukimuuliza, hukujibu kwa kukuuliza umekula nini, na ndiyo sababu umenigeukia mimi. Swali lako ni la haki na sina kinyongo nalo hata kidogo. Lakini kabla mtu hajauliza kitu kitauzwa kwa kiasi gani, ni vyema ajue kilipatikana kwa njia gani, na hilo nadhani hatukuwahi kukueleza, kwa sababu ulikulia ndani yake tukadhani unalijua.

Wewe unaamini nyumba ile ilijengwa kwa mshahara. Mshahara wa Mama ulilipa dawa za babu yako, karo za wadogo zake, na deni la safari iliyomleta Roma mwaka 1989, wakati ambapo karibu kila ukoo wa Mabini ulikuwa na mtu Italia au ulikuwa unamwandaa wa kwenda. Nyumba ilijengwa kwa Alhamisi. Mkataba wa kitaifa wa wafanyakazi wa nyumbani hapa Italia humpa anayelala kwa mwajiri mapumziko ya Jumapili nzima na nusu ya siku nyingine, na kwa desturi nusu hiyo ni Alhamisi alasiri. Ndiyo maana, enzi zile, ukipita stesheni ya treni ya Termini hapa Roma Alhamisi baada ya saa nane ungedhani umeteremka Manila: wanawake wamekaa kwenye kuta za uwanja wa mbele, wamefungua vyombo vya wali na adobo, nyama yao ya siki, wanasomeana barua za nyumbani na kunyoana nyusi. Wengine walikwenda Santa Pudenziana, kule Via Urbana, kanisa la Wafilipino ambamo wewe ulibatizwa chini ya ile mozaiki ya kale ya Kristo na mitume wake, nawe ukalia mpaka padri akafupisha maneno.

Mama yako hakukaa Termini. Alhamisi alikwenda kupiga pasi kwa familia nyingine upande wa Nomentana, akilipwa kwa saa, pesa taslimu, na pesa hizo hazikuchanganywa kamwe na nyingine. Alikuwa na daftari la jalada la kijani, nawe umeliona, lile linalokaa kwenye droo ya vijiko. Ukurasa mmoja ni mlango wa mbele, ukurasa mwingine ni saruji, mwingine mabati, na chini ya kila kitu ameandika tarehe za Alhamisi zilizokilipia. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo marehemu bibi yako wa Mombasa alivyokuwa akisema, na nilipomwona mwanamke wa Batangas, mkoa wenye Mabini, asiyejua neno moja la Kiswahili, akiishi kwa methali ile, nilijua nimefika. Watu husimulia kwamba tulikutana tukigombea ukwaju katika soko la Piazza Vittorio, mimi nikiutaka wa mchuzi wa samaki na yeye akiutaka wa sinigang, mchuzi wao mchachu, na ni kweli tulikutana hivyo, lakini kilichonifunga ni daftari.

Nimesema siku zote, na nitaendelea kusema, kwamba ukitaka kumjua mtu anayefanya kazi katika nyumba ya mwingine, usimtazame Jumatatu. Mtazame Alhamisi.

Na hapa lazima nikusimulie jambo la mwaka 1993, ulipokuwa bado hujazaliwa, ambalo Mama hulipita haraka kila linapotajwa. Alikuwa akifanya kazi kwa familia moja huko Parioli, mtaa wa Roma, akilala kwenye kijichumba kilichokuwa nyuma ya jiko. Ilikuwa mapema Oktoba. Sanduku la Krismasi la kupeleka Mabini lilikuwa tayari, na unajua kwamba sanduku likienda kwa meli huchukua miezi, kwa hiyo lisipoondoka Roma wiki ile, watoto wa Tita wangelifungua baada ya sikukuu. Tulikuwa tumelipanga usiku wa Jumapili katika chumba cha rafiki zake. Viatu vilijazwa soksi, soksi zikajazwa sabuni, na kila pengo kati ya makopo ya nyama na pakiti za tambi akalitia pipi, moja moja, mpaka akalitikisa sanduku na lisitoe sauti. Kisha akakaa juu ya kifuniko nami nikazungusha selotepu. Gari la kukusanya mizigo lilikuwa lije Alhamisi saa kumi, karibu na Termini, na wenye mizigo walitakiwa kuwapo wenyewe ili watie saini orodha.

Asubuhi ya Alhamisi ile Signora, yaani bibi mwenye nyumba, alimwambia kwamba wageni wanakuja chakula cha usiku, hivyo asitoke. Hakumwomba, alimwarifu tu. Mama yako, ambaye mpaka siku ile nilikuwa sijamsikia akimkatalia mtu mwenye nywele nyeupe jambo lolote, kwa sababu kwao hata kumpita mkubwa mbele ya uso huinama, aliosha vyombo vya mchana vyote, akavikausha, akatundika aproni nyuma ya mlango wa jiko, akasema: «Signora, leo ni Alhamisi.» Hakuongeza neno. Nilikuwa nimesimama pale uwanjani na sanduku kwenye kigari, nikiwa nimekwisha kukata tamaa, nilipomwona anashuka basini bila mwavuli, anacheka peke yake. Mwanangu, nimemwona Mama yako katika gauni la harusi na nimemwona akikupakata siku uliyozaliwa, lakini sura ile ya Termini sijaiona tena.

Mwisho wa mwezi Signora alikata mshahara. Alikata nusu ya siku, na nusu ya siku aliyoikata ilikuwa mali ya Mama kwa mkataba aliouwekea saini Signora mwenyewe. Lira hazikuwa nyingi. Mama alizihesabu mezani, akafungua daftari, akaniambia kwamba dirisha la jikoni litasubiri. Nilitaka twende chama cha wafanyakazi siku ileile. Alikataa. Alisema kwamba sanduku limefika melini na hilo lilimtosha, na kwamba kibali chake cha kuishi, alichokipata kwa sheria ya 1990 baada ya kupanga foleni tangu usiku, hakutaka kukiingiza katika ugomvi. Nimebishana naye kimoyomoyo miaka yote hii. Wakati mwingine naona alikuwa na haki, kwa kuwa foleni alipanga yeye. Kisha nakumbuka zile noti mezani, nami damu inachemka, nasema haki ya mtu haiachwi mezani kwa sababu ni ndogo. Bado nasema hivyo.

Sasa turudi kwenye nyumba. Upande wako una hoja, sitazificha. Chumvi ya bahari inakula mabati, na tangu tetemeko la Aprili 2017 ukuta wa jikoni una ufa ambao fundi huuziba nao hurudi. Tita amezeeka na ngazi zile alizozitaka Mama, kwa kuiga majumba ya Roma, zinamchosha. Jirani kushoto na kulia nyumba ni hivyohivyo, nguzo nzuri na madirisha yamefungwa, wenyewe wako Italia. Pesa iliyolala haizai, na wewe unalipa kodi ya pango kila mwezi. Ningekuwa mtu wa hesabu tupu ningekuwa nimemaliza barua.

Lakini Mama hajachukua uraia wa Italia mpaka leo, ingawa angeweza zamani, na hajawahi kunipa sababu. Pensheni hapa ni miaka 67, bado hajafika. Alhamisi jioni, siku hizi ambapo hana mwajiri wa kulala kwake, hupiga simu ya video na Tita, akamwambia azunguke na simu nyumba nzima, chumba baada ya chumba, na kwenye dirisha la jikoni humwambia asimame, amwonyeshe bahari. Mimi hujifanya nasoma gazeti. Je, huyo ni mtu mwenye nyumba tupu? Sijui jibu lako, langu nalijua, lakini sitaki kulitumia kukufunga mdomo, maana nyumba unayoitaka Milano nayo ni ya kulala watu, na Mama angefurahi kuwa na chumba humo.

Kuna jambo moja ambalo halina mjadala. Katiba ya Ufilipino ya 1987 hairuhusu mgeni kumiliki ardhi, ila kwa urithi. Kwa hiyo katika ardhi ile mimi sina hata hatua moja, na saini yangu haiuzi wala haizuii. Wewe ni mwingine: ulizaliwa na mama Mfilipino, na kama kuchukua kwako uraia wa Italia ulipofika miaka 18 kumegusa ule wa kwanza, sheria yao ya 2003 inaruhusu mzaliwa wa asili ale kiapo arudishiwe. Usizungumze na mnunuzi yeyote kabla hujalimaliza hilo ubalozini. Cheti chako cha kuzaliwa kilichoandikishwa kule ninacho, nitakutumia nakala pamoja na hati ya ardhi.

Ukiniuliza ningefanyaje kama hati ile ingekuwa na jina langu, kalamu inawasha kukuandikia. Sitaandika, kwa sababu Alhamisi hazikuwa zangu. Njoo Roma wiki ya Pasaka, ulitoe daftari kwenye droo, mkae nalo wewe na Mama. Nitakwenda sokoni nisirudi mapema.

Baba yako