Saa ya Mfukoni ya "Non-Magnetic": Fungua Mgongo Kabla ya Kulipa

Wapenzi wa saa za zamani huniuliza kama inafaa kuongeza hela kwa saa ya mfukoni iliyoandikwa "Non-Magnetic", yaani isiyoshika sumaku. Nasema inafaa, na sana, ila usilipe mpaka umeiona mashine yenyewe. Maandishi hayazuii sumaku.

Mwaka 1882 kituo cha umeme cha Edison kilianza kazi Pearl Street, New York, na mwaka 1888 tramu za umeme zikaanza kubeba abiria Richmond, Virginia. Dainamo na mota za wakati ule zilikuwa na sumaku kali, na waliozihudumia walikuwa na saa mifukoni. Ndani ya saa kuna springi ya unywele, uzi mwembamba wa chuma cha pua uliojiviringa juu ya gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huko kupima muda. Ikishika sumaku, mizunguko yake hugandana, springi inakuwa kama imekatwa ikafupishwa, na saa inakimbia dakika nyingi kwa siku. Kwa dereva wa treni, aliyefuata ratiba kwa saa yake, hiyo ilikuwa hatari ya kweli.

Charles-Auguste Paillard wa Geneva aliligusa tatizo kwenye mzizi: springi na gurudumu la mizani akavitengeneza kwa aloi (mchanganyiko wa metali) ya paladiamu, metali nyeupe adimu, isiyoshika sumaku wala kutu. Hataza zake zilitumiwa na Non-Magnetic Watch Company ya Marekani. Wengine, kama Giles, Bro. & Co. wa Chicago, waliweka bakuli la chuma laini ndani ya kasha, sumaku ipite humo iache mashine salama. Mimi kazi ya Paillard naipenda zaidi. Bakuli huvuliwa likapotea, na saa nyingi nilizoziona zimeshalipoteza.

Hata springi ya Paillard, lakini, hubadilishwa. Kwa hiyo mwombe muuzaji picha ya mgongo ukiwa wazi, ya karibu, yenye mwanga wa kutosha. Springi ya paladiamu ina weupe wa fedha iliyofifia. Ukiona buluu iliyokoza, ile ya chuma kilichopashwa moto, ujue kuna fundi aliyeweka springi ya kawaida, hata kama jina la Paillard limechongwa pembeni yake. Saa ya namna hiyo naipa bei ya saa ya kawaida, muuzaji akikataa naiacha.

Ukishaipata mkononi, chukua dira ndogo. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika: sindano ikivutwa tu, wanasema saa imeshika sumaku. Springi kuu, ile inayoiendesha saa, na skrubu ni chuma cha pua hata kwenye saa ya Paillard, na chuma huvuta sindano bila kuwa sumaku. Iweke saa kando ya dira uizungushe polepole. Ikiwa upande mmoja unavuta ncha ya sindano na mwingine unaisukuma, hiyo ni sumaku. Kisha iache saa itembee. Sindano ikianza kutetemeka kwa kufuata mapigo, ambayo kwa saa nyingi za Marekani ni 5 kwa sekunde, sumaku imeingia kwenye gurudumu la mizani, na gurudumu halisi la Paillard halipaswi kufanya hivyo.

Dawa yake ni kifaa cha kuondoa sumaku, kile chenye koili na kitufe. Weka saa juu, bonyeza, iinue taratibu mpaka iwe mbali kabisa, ndipo uachie kitufe. Ukiachia mapema utaiacha na sumaku mpya. Baada ya hapo iweke mbali na spika, simu, na mikoba yenye vifungo vya sumaku.

Springi ya paladiamu ni laini kuliko ya chuma, na vipuri vyake ni adimu mno. Usiiguse kwa kibanio, wala usimpe fundi ambaye hajawahi kuishika. Ikiwa saa bado inakimbia na dira imetulia, shuku mafuta: yakifika kwenye springi huigandisha vilevile, na hapo inahitaji kufunguliwa na kusafishwa yote.