Jicho la binti yangu lilitolewa zima, na sijuti

Wiki iliyopita baba mmoja aliniandikia akiuliza kama daktari anaweza kuondoa uvimbe wa saratani peke yake na kumwachia mwanawe wa miaka miwili jicho lake, kwa kuwa bado linaona kidogo. Niliusoma ujumbe ule mara tatu, kwa maana maneno hayohayo niliyasema mimi, mbele ya daktari bingwa wa macho jijini Dar es Salaam, miaka saba iliyopita.

Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. Kila taa ilipomulika uso wa binti yetu kutoka pembeni, mboni ya jicho la kushoto iling'aa nyeupe kama jicho la paka gizani, na katika picha za simu jicho moja lilitoka jekundu na la pili jeupe. Nilimwambia ni kamera. Makengeza yalipoanza tulikwenda zahanati, tukapewa dawa ya matone, nami nikaridhika. Hapo ikapotea miezi minne ambayo hadi leo siwezi kuizungumzia nikiwa nimetulia.

Daktari bingwa alituambia ni retinoblastoma, saratani inayoanzia kwenye retina, yaani utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea mwanga; kwa makadirio saratani hii humpata mtoto 1 kati ya kila 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, wengi wao wakiwa chini ya miaka 5. Uvimbe ulikuwa umelijaza jicho. Nilimwomba akate kipande kidogo akipime kwanza, kama ifanywavyo kwa uvimbe wa sehemu nyingine, naye akakataa katakata. Alinieleza kuwa ukuta wa jicho ndio boma linaloifungia saratani hii ndani, na kwamba sindano au kisu kikiutoboa, seli huvuja kwenye tundu la jicho na kupata njia ya kusambaa mwilini. Kwa hiyo jicho hutolewa zima bila kutobolewa, likiambatana na kipande kirefu cha neva yake, ikiwezekana zaidi ya sentimita 1, kwa kuwa neva hiyo ndiyo barabara ya saratani kuelekea kwenye ubongo. Upo upasuaji mwingine wa kukomba vilivyomo ndani na kuacha ganda la jicho, nao haufai kabisa pale saratani inaposhukiwa. Muulize daktari wako anakusudia upi, wala usione haya.

Mimi nilielewa yote hayo, na bado nilichelewesha saini yangu kwa wiki tatu. Wazee wa ukoo walisema msichana mwenye chongo hataolewa, nami, niliyesoma hadi chuo kikuu, niliwasikiliza wao nikamwacha mke wangu akilia peke yake.

Upasuaji wenyewe ulikwenda salama. Kilichonitesa ni majibu ya maabara ya patholojia: mahali neva ilipokatwa palikuwa safi, lakini saratani ilikuwa imeshazama ndani ya koroidi, tabaka la mishipa ya damu lililo nyuma ya retina, hivyo binti yangu akahitaji mizunguko sita ya tibakemikali. Nilimshika kichwani nywele zikinibaki mkononi, nikihesabu ile miezi minne na zile wiki tatu. Ndugu yangu mzazi, hakikisha jicho lililotolewa linafika maabara, na usimtoe mtoto kliniki kabla ya kusomewa majibu hayo, maana bila majibu hayo hakuna ajuaye kama matibabu yamekwisha. Na ninyi akina baba, mama wa mtoto akisema ameona kitu jichoni, nendeni kwa daktari wa macho siku ileile. Siku ileile, nasema.

Leo binti yangu yuko darasa la tatu na anaongoza katika hisabati. Wiki sita hivi baada ya upasuaji alivikwa jicho la bandia la akriliki, ambalo sasa hulisafisha mwenyewe, na hakuna mtoto shuleni anayemwita chongo. Mdogo wake tulimpeleka kupimwa macho akiwa na wiki mbili tu, kwa sababu ugonjwa huu wakati mwingine hurithiwa kupitia jeni ya RB1, hata pale ulipoingia jicho moja peke yake.

Yule baba nilimjibu usiku uleule kwamba asisubiri kikao cha ukoo. Jana amenijulisha kuwa mwanawe amelazwa, na upasuaji ni Alhamisi.