Anayemloga Mwanao Siye Mama Mkwe

*"Shikamoo Mama Mkubwa. Naishi Tabata, nina ndoa ya miaka 12 na watoto wawili. Kijana wangu mkubwa ana miaka 10, yupo darasa la nne, inglishi midiamu. Alikuwa hakosi tano bora. Tangu Mei kila asubuhi tumbo linamuuma, Jumanne na Alhamisi hadi kutapika, na ameanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka minne. Mtihani wa juzi amekuwa wa 19. Nimempeleka hospitali, vipimo vyote safi.*

*Mimi najinyima kwa ajili yake. Saa kumi na nusu alfajiri nimemwamsha, basi la shule linapita saa kumi na moja na robo, akirudi ni tuisheni hadi saa moja, halafu kazi za shule hadi saa nne usiku. Tangu Mei nimemtafutia na mwalimu wa Hesabu, mkali, hana mchezo, anakuja Jumanne na Alhamisi.*

*Mwezi huohuo wa Mei mama mkwe alihamia kwetu kutoka Korogwe kwa matibabu ya macho. Shule zilipofungwa mwezi wa sita akaondoka na mtoto wiki tatu. Huko hakuumwa hata siku moja na kitanda kilikuwa kikavu. Waliporudi tu yakaanza tena. Si amemfunga huyu ili mtoto ampende yeye? Mume wangu anamtetea mama yake, anasema niache tuisheni, na tumhamishie shule iliyo karibu. Nimejaribu kila njia, hata godoro naanika uani wapangaji wenzetu waone, labda apate aibu aache. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimrudishe mama mkwe kwao, au mtoto nimpeleke bweni?"*

*Mama Aliyechoka, Tabata*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuamka usiku kubadilisha shuka. Kazi hiyo naijua, nimelea wanne na mmoja wao alinifulisha hadi darasa la tatu. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako ilikuwa kurasa nne, hapo juu nimeweka kiini chake tu. Nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilisoma kama mama nikakuonea huruma. Ya pili nilisoma kama mama mkwe, maana na mimi ninao wakwe, nikanuna. Ya tatu nikachukua kalamu nikaanza kupiga mistari. Neno "aibu" nimelihesabu mara tisa. Kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa, ambako mwalimu hutuma matokeo yakiwa na namba za nafasi, umelitaja mara sita. Lakini mtoto anapenda nini, anacheza na nani, anaogopa nini, hakuna. Kurasa nne za kumhusu mtoto, na mtoto mwenyewe hamo.

Sasa tuje kwa huyo unayemwita mchawi. Anakuja kwako Mei. Anamchukua mjukuu mwezi wa sita, mjukuu anapona wiki tatu. Anamrudisha kwako, anaumwa. Mwanangu, huo ni uchawi wa aina gani, ambao mtoto akikaa na mchawi peke yake anapona na akirudi kwa mama yake anaugua? Ungekuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, ungemfunga nani kwa ushahidi huo?

Mei kulikuwa na mgeni mwingine nyumbani kwako, na umemwandika mwenyewe: mwalimu wa Hesabu. Anakuja Jumanne na Alhamisi. Mtoto anatapika Jumanne na Alhamisi. Uliziandika siku hizo mara mbili kwa mkono wako na hukuona. Hapo mganga hatakiwi, kalenda ya ukutani inatosha.

Ukali huo "usio na mchezo" ni wa namna gani? Kama ni fimbo, nikukumbushe kwamba hata shuleni, ambako kanuni bado zinaruhusu viboko, haviruhusiwi kuzidi vinne, na ni kwa mkono au kibali cha mwalimu mkuu. Mwalimu wa kukodi sebuleni kwako kibali hicho hana. Na kama si fimbo ni maneno, maneno nayo yanaingia tumboni. Mtoto wa miaka kumi hana lugha ya kusema "mama, nina wasiwasi." Wasiwasi wake unasema kwa tumbo, kwa kichwa, kwa shuka. Maumivu hayo ni ya kweli, usije ukamwambia anajifanya. Mtu akiogopa, tumbo linakaza. Hata wewe siku ya kwenda kuomba mkopo benki ulikimbilia choo.

Halafu tupige hesabu, kwa kuwa unaipenda. Analala saa nne usiku, anaamka saa kumi na nusu. Ni saa sita na nusu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kila siku. Mwanao anadaiwa usingizi wa saa mbili na nusu kila usiku, na ikifika Ijumaa deni limepita saa kumi na mbili, yaani usiku mzima umemnyang'anya. Ubongo usiolala haushiki kitu. Unamwagia maji kwenye tenga, kisha unaligombeza tenga. Kutoka tano bora hadi nafasi ya 19 si Korogwe iliyomshusha.

Unajua Korogwe alifanya nini? Mimi sikuwepo, lakini nyumba za bibi nazijua. Alikula ugali na mchunga saa moja jioni, saa mbili analala. Akaamshwa na jogoo. Mchana kutwa akacheza chandimu na wenzake hadi miguu ikawa na rangi ya njia. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau saa moja kila siku ya kukimbia na kutoka jasho. Bibi hajalisikia shirika hilo, na bado amelitii. Wewe mwenye simu ya kupangusa umemweka kwenye kiti tangu alfajiri hadi usiku. Punda afe mzigo wa bwana ufike, ndiyo safari mliyomwekea kijana.

Nije kwenye godoro. Hapo niliweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Mwanangu, mtoto hakojoi kitandani kwa kupenda. Amelala! Aibu unayompa mchana haimfikii usiku akiwa usingizini. Inamfikia akiamka, akianza kuhesabu watu waliopita uani. Kisha kesho analala na hofu, na hofu ndiyo mkojo wenyewe. Umekuwa ukimwagia moto mafuta ya taa ukidhani ni maji. Watoto wa wapangaji watampa jina, na jina hilo atalibeba mpaka siku ya kipaimara au maulidi yake. Wewe mwenyewe huwezi kuvumilia namba 19 isomwe na wazazi thelathini kwenye simu. Yeye avumilieje godoro?

Na "vipimo vyote safi" ni vipimo gani? Dar hii mtu akisema vyote maana yake malaria na UTI. Mtoto aliyekuwa amekauka miaka sita akaanza tena kukojoa lazima aangaliwe vizuri. Rudi kituo cha afya, mwambie daktari historia nzima, si tumbo peke yake. Mkojo upimwe upya, na sukari ipimwe, maana watoto nao wanapata kisukari. Ukiona anakunywa maji kupita kiasi, anakonda na anakojoa sana, usingoje kesho. Uliza pia kuhusu choo kikubwa. Watoto wengi huchukia vyoo vya shule, wanajibana kutwa, choo kinakuwa kigumu na kukandamiza kibofu. Minyoo, upungufu wa damu, macho, hayo nayo yaangaliwe. Mtoto asiyeona ubao vizuri huonekana mjinga bure.

Kuna jambo jingine ambalo sitaki kukutisha nalo, ila nisipolisema nitakuwa nimekudanganya. Mtoto anapoanza tena kukojoa na kuogopa asubuhi, wakati mwingine kuna mtu anamuumiza. Huenda ni wakubwa kwenye basi la shule wanaomnyang'anya hela ya kula, au mtu mzima kwenye basi hilo, shuleni, ama kwenye tuisheni. Anapanda basi gizani na anafundishwa na watu ambao huenda unajua nyuso zao tu. Na huyo mwalimu wa Jumanne asibaki na mtoto faragha tena. Muulize mwanao, lakini usimuulize kama polisi. Mtafute akiwa anafanya kitu, mkichambua mchele au mkitembea kwenda dukani, na usimkodolee macho. Sema, "Siku hizi kwenye basi unakaa na nani?" Kisha nyamaza. Nyamaza kweli, hata dakika tano. Akisema, usipige kelele, usimuulize kwa nini hakusema mapema, mwambie umemwamini. Ukiona kuna jambo zito, simu ya mtoto 116 ni bure, na ofisa ustawi wa jamii yupo halmashauri kwa kazi hiyo.

Bweni unaloliuliza lifute. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na mwanao yupo la nne. Hata kama ingeruhusiwa, mtoto anayekojoa kitandani umpeleke kwenye chumba cha vitanda ishirini? Ningekuwa mimi mama mkwe wako ningelala mlangoni.

Mumeo sasa. Umemwandika kama mtu dhaifu anayefuata mama yake. Mimi nimemsoma kama mtu pekee katika nyumba hiyo aliyeona mtoto anachoka. Kosa lake ni moja: anasema "acha tuisheni" halafu anarudi kuangalia mpira. Baba mwenye maoni bila mikono hasaidii. Mpe kazi. Yeye ndiye akae na mtoto jioni, yeye ndiye aende shule kumwona mwalimu wa darasa, na yeye ndiye amwage mwalimu wa Hesabu, kwa adabu, wiki hii.

Ndoa zenu za siku hizi zinanishangaza. Mkitaka kuoana mnaunda kamati, kuna mwenyekiti, mweka hazina, vikao vinane, michango, sare za vitenge, mpaka rangi ya leso inajadiliwa hadi saa sita usiku. Mtoto akizaliwa hakuna kikao hata kimoja! Baba anajua ada, mama anajua nafasi darasani, na mazungumzo yote ya mke na mume yamekuwa risiti. Zamani mtoto alikuwa na baba wadogo na shangazi, mmoja akimkaripia mwingine anamfuta machozi. Leo mmejifungia vyumba viwili, mkamfukuza bibi, mkabaki na mtoto mmoja mbele ya wazazi wawili waliochoka. Kisha mnasema watoto wa siku hizi wana msongo. Wataukosaje?

Nimeona pia sentensi moja uliyoipitisha haraka ukurasa wa tatu, kwamba wewe "hukufika ulipotaka" kwa sababu ya Hesabu. Sitaichimba. Wewe mwenyewe kaa nayo usiku mmoja, ujiulize huyo mwalimu mkali ulimwajiri kwa ajili ya nani.

Basi ratiba mpya. Tuisheni yote isimame hadi mwisho wa muhula. Usiniambie kuna upimaji wa darasa la nne mwezi wa kumi, naujua, na mtoto aliyelala ataufanya vizuri kuliko huyu wa sasa. Akirudi shule ale, acheze saa nzima, kazi za shule zisizidi saa moja, saa mbili usiku awe kitandani. Kuhusu basi, zungumzeni na shule kama kuna ruti inayopita baadaye. Ikikosekana, hoja ya mumeo ya shule iliyo karibu isikilizwe bila kucheka. Asubuhi asitoke na tumbo tupu, uji na kiazi kitamu vinatosha, si hela ya krips. Maji anywe kwa wingi mchana, ayapunguze jioni, na akojoe kabla ya kulala. Akilowesha, shuka zinabadilishwa kimya, hakuna hotuba. Kundi la WhatsApp linyamazishe au jitoe kabisa.

Mpe wiki tatu, nne. Akiendelea kuumwa, au ukimwona amejitenga, hali chakula, au anasema maneno ya kutamani kufa, usihesabu wiki yoyote: nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uulize kitengo cha afya ya akili. Na ukisikia jina la kitengo hicho usidhani mwanao anapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Ni chumba, kiti na mtu aliyesomea kusikiliza watoto.

Mama mkwe abaki, macho yake yatibiwe. Ukipata nguvu mwombe radhi. Ukiikosa, mpelekee chai tu, ataelewa, sisi wazee tunaelewa. Kisha mwombe bibi akubali mtoto alale chumba chake kwa muda, ukamsikie anavyomwongelesha kabla ya kulala.

Na godoro liingize ndani leo, kabla watoto wa wapangaji hawajarudi kutoka shule.