Maswali ya Wasomaji: Dau la Blakijeki na Mfuko Wako

Mhariri, salamu. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi. Kwenye blakijeki, mchezo wa karata wa kuikaribia 21 kuliko mgawaji wa kasino bila kuivuka, naanza na dau la shilingi 100, nikiliwa naweka 200, kisha 400, hadi nishinde. Wenzangu wanasema njia hii haishindwi, lakini juzi nimemaliza pesa zote. Nimekosea wapi?

Hukukosea hesabu, ndugu yetu. Njia yenyewe ndiyo mbovu. Ifuate hadi mwisho: 100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200. Ukiliwa mara sita umeshatoa 6,300, na dau la saba ni 6,400. Hapo ama mfuko umekauka, ama meza inakukatalia. Kila meza ina kikomo cha dau, na kikiwa 5,000 huna tena njia ya kurudisha ulichopoteza.

Kuliwa mara sita mfululizo si ajabu. Ukitoa sare, mgawaji hushinda mikono kama 54 katika kila 100, kwa kuwa wewe ndiye unayeanza kuchukua karata: ukivuka 21 dau limekwenda, hata yeye akivuka baadaye. Kwa kiwango hicho, takriban msururu mmoja katika kila 40 huishia kwenye vipigo sita. Misururu 39 inakupa 100 kila mmoja, yaani 3,900. Ule mmoja unachukua 6,300. Saa mbili mezani zina misururu kama 60, kwa hiyo yaliyokupata juzi yalikuwa ya kutarajiwa.

Weka dau moja usilolibadilisha, uliwe au ushinde. Mpangilio wa dau hauondoi faida ya kasino. Unaamua tu pesa zako zitadumu muda gani. Kinachopunguza faida hiyo ni jinsi unavyocheza karata. Anayecheza kila mkono inavyopasa, kwenye meza yenye kanuni nzuri, huachia kasino karibu nusu asilimia ya pesa anazoweka. Anayecheza kwa hisia huachia asilimia 2 au zaidi. Kwa dau la 200 na raundi 70 kwa saa, umeweka 14,000: tofauti ni kati ya wastani wa kupoteza 70 na 280. Anza na hili: ukiwa na 12 hadi 16 bila ree (karata ya A), na mgawaji anaonyesha 7 au zaidi, ongeza karata. Akionyesha 4, 5 au 6, simama.

Angalia pia meza inalipaje mkono wa ree na karata ya kumi. Kwa dau la 200, meza nzuri hulipa 300, nyingine 240. Mkono huo huja kama mara moja katika raundi 21, yaani mara tatu hivi kwa saa, na kila mara unapunjwa 60. Hizo 180 zinazidi faida yote ya kasino dhidi ya mchezaji mzuri. Meza hiyo iache.

Mimi ni mhudumu wa hoteli, Malindi. Nimetenga 5,000 za jioni moja, na meza ya chini kabisa inaanzia 500. Zinatosha?

Hazitoshi. Hayo ni madau kumi tu. Ukipata 8 mbili unatakiwa kuzitenganisha ziwe mikono miwili, kila mmoja na dau lake, na kila moja ikipata 3 una 11 mbili za kuongezea dau maradufu. Mkono mmoja umekula 2,000. Ukiogopa kuongeza kwa sababu pesa ni chache, unaacha nafasi bora za mchezo huu na kubaki na zile mbaya.

Kwa saa mbili chukua madau 40: kwa meza ya 500 ni 20,000. Kama kiasi hicho kinauma, na kwa mshahara wa wengi kinauma, usikae. Wala usichukue akiba ya msimu wa wageni. Masika ikifika na hoteli zikafunga, hiyo ndiyo kodi ya nyumba na karo ya watoto.

Mgawaji akionyesha ree, ninunue bima?

Usinunue. Bima ni dau la pembeni kwamba karata ya mgawaji iliyofichwa ni ya kumi. Hulipa mbili kwa moja, kwa hiyo ingefaa iwapo karata iliyofichwa ingekuwa ya kumi angalau mara 1 katika 3. Lakini kumi na wazungu wote (J, Q na K, ambao nao huhesabiwa kumi) ni karata 16 katika 52, chini ya theluthi.

Niko Langoni, Lamu. Nacheza kwenye simu, na pesa zikiisha natumia Fuliza, mkopo wa M-Pesa. Nitajidhibiti vipi?

Kama kamari ni halali kidini, waulize masheikh; sisi tunajibu la hesabu. Mezani unacheza raundi 70 kwa saa, kwenye simu waweza kufika 200. Dau la 50 linakuwa 10,000 zilizowekwa kwa saa moja, na huoni noti hata moja ikitoka mkononi. Fuliza inaongeza ada ya kila siku, na pesa yoyote inayoingia M-Pesa inakatwa kwanza kulipa deni, hata ikiwa ni ya matumizi ya nyumbani.

Acha kucheza leo, deni likiwa bado dogo. Iandikie kampuni ikufungie akaunti, kisha futa programu. Mweleze mtu mmoja wa nyumbani kiasi halisi unachodaiwa. Ukishalipa deni lote, jiondoe kwenye Fuliza, na mshahara ukiingia peleka sehemu kwenye akiba ya kufungwa ya M-Shwari, huduma ya akiba ya M-Pesa, kabla hujagusa kitu kingine.